Jumamosi tunapanga maboga

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi tukutane bustanini Goba saa 9 alasiri. Najua tumezoea asubuhi, ila shina la boga asubuhi limejaa maji, ukilipinda tu linakatika. Jua likishalichoma linalegea.

Shina kuu tulinyooshe, matawi yaelekee kulia na kushoto, vichipukizi vinavyoota kwenye matawi hayo tuvikate. Kila kifundo tukifukie udongo kiote mizizi. Haya maboga makubwa yanakunywa kuliko sisi! Karibu na tunda msifukie. Pale shina tunalipinda kidogo kidogo, siku kadhaa, lisibane boga likinenepa.

Njooni na vijiti vya kushikizia. Na jamani, msikanyage matawi kama juzi. Mama Asha, majani ya kisamvu tunayasubiri.