Barua ya malalamiko: Kitufe cha Tendua kinachopoteza kazi

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KITUFE CHA TENDUA KATIKA PROGRAMU YENU YA KUANDIKIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yenu mnayajua, sina haja ya kuyanukuu.

Jumanne katibu muhtasi wetu alihitaji kipengele cha mkataba alichokifuta asubuhi. Akabonyeza Ctrl+Z (Tendua, inayofuta tendo la mwisho) mara 40, akakipata, akakinakili. Ilibaki Ctrl+Y (Rudia, inayorejesha kilichotenduliwa) mara 40 arudi alipokuwa. Kidole kikagusa kitufe cha nafasi. Mshale wa Rudia ukawa kijivu, haubonyezeki tena, kazi ya kutwa ikaenda. Programu haikuuliza chochote, hiyohiyo inayouliza "Una uhakika?" ukifunga faili lenye neno moja.

Mhudumu wenu akajibu: "Mngehifadhi." Tulihifadhi! Hifadhi yenu ya kujiendesha ndiyo iliyoandika toleo bovu juu ya lile zima. Kabla ya hapo alikuwa ametuelekeza tufunge faili na kulifungua upya, na orodha yote ya matendo ikafutika. Huo ndio msaada wenu. Machi tuliwaandikia jambo hilihili, mkatutumia tangazo la toleo jipya.

Kwa kuwa mhudumu alidai haelewi, narudia polepole: hatua 40 nyuma, nafasi moja, kijivu. Nafasi, ambayo hata ikichapishwa haionekani! Ukiitendua, inaondoka hiyo nafasi tu; zile 40 hazirudi. Orodha yenu ni mstari mmoja: ukirudi nyuma kisha ukatenda jipya, yote yaliyokuwa mbele yanakatwa.

Wala si kwamba haiwezekani. Katika Emacs, programu nyingine ya kuandikia, kutendua nako ni tendo linaloweza kutenduliwa. Vim, nayo ya kuandikia, inahifadhi matawi yote, yaani hata matendo uliyoyaacha ulipotenda jipya, tangu toleo la 7.0 la mwaka 2006, na tangu 7.3 la mwaka 2010 inaweza kuyatunza hata faili likifungwa. Zote hutolewa bure. Nyinyi tunawalipa.

Tunaomba onyo kabla Rudia haijafutwa. Tena onyo peke yake halitoshi: matawi yatunzwe, na yabaki faili likifungwa. Na ada ya mwaka huu ya leseni zetu 12 irudishwe.

Tunawapa siku 14. Zikipita kimya, leseni hatuhuishi hata moja, na barua hii pamoja na ile ya Machi zitafika Tume ya Ushindani.

Wenu mteja (kwa sasa),

Meneja wa Ofisi

Nakala: Mwanasheria wetu