Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wazazi na Walimu

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za mwaka huu mnazifahamu: vikao vya kamati vilifanyika, wafiwa walifarijiwa, na hesabu zimekaguliwa.

Ninalolazimika kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa kuahirisha sherehe ya mwaka na kuzipeleka shilingi 1,800,000 zilizotengwa kwa ajili yake kwenye maabara ya shule. Wapo wanaodai kuwa mwenyekiti alijiamulia. Si kweli, kamati ilikaa, ikajadili, na muhtasari uko kwa katibu. Nilichokifanya mimi ni kwenda Kariakoo kwa nauli yangu kutafuta bureti na pipeti, yaani mirija ya kioo ya kupimia vimiminika, pamoja na kemikali kwa bei nafuu.

Kabla ya hapo vijana wetu wa kidato cha nne walikariri majibu ya majaribio wasiyowahi kuyafanya. Mwezi uliopita nilimshuhudia binti mmoja akidondosha asidi tone kwa tone hadi rangi ya waridi ikatoweka, kisha akamwaga na kuanza upya kwa kuwa alikuwa amepitiliza kiasi cha asidi kinachotakiwa. Uangalifu huo atauhitaji akiwa muuguzi anayepima dozi ya mtoto, na jamii nzima inauhitaji kila kipindupindu kinapozuka na watu wakasaka mchawi badala ya kuchemsha maji.

Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, hapa kwetu, mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukitangulia kuganda kuliko uliowekwa ukiwa umepoa. Alipouliza sababu alichekwa, mpaka Dkt. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam, alipokubali kulipima swali hilo, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo kwa pamoja. Wanafizikia wanalijadili hadi leo. Je, mtoto wetu mwenye swali kama hilo angelipimia wapi, ukumbini?

Nasikitika kusema kwamba kati ya wanachama 112, waliolipa ada ni 41, na mkutano mkuu uliopita ulihudhuriwa na watu 19, akiwemo mlinzi tuliyemwomba aingie. Wengi wa wanaolalamikia sherehe hawamo katika orodha ya waliolipa, jambo ambalo kwa kweli limeniumiza.

Mwakani, Mungu akitujalia, tunatarajia kupata hadubini na pengine kuanzisha klabu ya sayansi. Sherehe itafikiriwa mfuko ukiruhusu, na mweka hazina anaendelea kupokea ada.

Mwenyekiti