Kinanda kimechomekwa, mbona sauti siyo yake?

Mteja wetu mmoja alikuja na kinanda begani, kishikwambi mkononi na kebo mpya mfukoni. Alikuwa amehangaika siku mbili. Alikiunganisha kinanda na kishikwambi kwa kebo hiyo ya USB, akachagua sauti ya ogani kwenye kinanda, akafungua programu ya kurekodi, akapiga. Kilichorekodiwa kikawa piano. Akaiacha ogani, akachagua fidla. Ikatoka piano ile ile. Alikuja kutuomba tumbadilishie kebo, maana alikuwa na hakika kwamba ni mbovu.

Kebo ilikuwa nzima. Tulimwomba abonyeze kitufe kimoja cha kinanda taratibu sana, kisha akibonyeze tena kwa nguvu, macho yakiwa kwenye skrini. Mara ya kwanza kilijichora kijimstari hafifu, mara ya pili mstari uliokolea. Hapo akaona mwenyewe kilichokuwa kinapita ndani ya waya ule. Hakikuwa sauti, yalikuwa maagizo.

Maagizo hayo ndiyo MIDI, lugha ambayo ala za kielektroniki zimekuwa zikizungumziana tangu 1983. Inasema ni noti gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani katika ngazi zinazofika 127, na imeachiwa lini. Sauti yenyewe ya ogani au fidla haimo humo. Kishikwambi kikishapokea maagizo, kinayapiga kwa sauti zake chenyewe, na programu nyingi ukizifungua tu huanza na piano. Usiudharau mpango huu, kwani una manufaa makubwa: noti uliyokosea unaisahihisha kwa kidole baada ya kurekodi, na wimbo mzima unaweza kuuhamisha kutoka piano kwenda marimba bila kuupiga upya.

Lakini kama ogani ya kinanda chako ndiyo uipendayo, njia yake ni nyingine. Chukua sauti kwenye matundu ya kutolea sauti, au kwenye tundu la hedifoni kama hayo hayapo, uipeleke kwa kebo za jeki hadi kwenye kadi ya sauti ya nje, yaani kisanduku kidogo kinachoigeuza sauti kuwa data ambayo kishikwambi kinaweza kuisoma. Kadi hiyo ndiyo inayounganishwa na kishikwambi. Vipo vinanda vinavyopitisha sauti na MIDI pamoja kwa kebo moja ya USB, kwa hiyo pitia kwanza kitabu cha maelekezo kabla hujatoa fedha kununua kadi usiyoihitaji.

Tazama pia tundu lenyewe. Vinanda vingi vina matundu mawili ya USB mgongoni. Lile bapa ni la kuwekea flashi. Lile la karibu mraba, ambalo mara nyingi limeandikwa TO HOST, ndilo la kuunganishia kishikwambi. Tumeona watu wakihangaika na lile bapa jioni nzima, na ala yao haina kasoro yoyote.

Umeme unatoka wapi?

Kinachotuletea wateja wengi zaidi ni umeme. Kadi ndogo ya sauti haina betri wala waya wa ukutani. Inakula kutoka kwenye kile ilichochomekwa. USB 2.0 ya kawaida hutoa volti 5 na miliampia 500. Kwa umeme huo kadi inatakiwa ikuze sauti dhaifu ya maiki, iendeshe hedifoni zako, na ukibonyeza kitufe cha 48V, ipandishe volti 5 hadi 48 kwa ajili ya maiki ya kondensa, ile isiyofanya kazi bila kupewa umeme. Kompyuta huibeba kazi hiyo bila taabu. Kishikwambi mara nyingi hushindwa.

Dalili yake tunaifahamu vizuri. Mteja anachomeka kadi, taa zinawaka, maiki ya kawaida ya jukwaani inasikika safi. Anaweka maiki ya kondensa, anabonyeza 48V, taa zinazimika zote kwa pamoja. Anadhani ameunguza kadi. Hajaunguza kitu, kadi imekosa chakula tu.

Kwa iPad zenye tundu la Lightning, Apple ina adapta za USB za aina mbili zinazofanana sana machoni. Moja ina tundu la USB peke yake. Nyingine ina la USB na la kuchajia, pamoja. Chukua hii ya pili, uchomeke chaja yake kabla ya kadi, na ule ujumbe wa kwamba kifaa kinahitaji umeme mwingi mno kwa kawaida hutouona tena. Kwa vishikwambi vya USB-C, ambavyo kwa upande wa iPad vilianza na iPad Pro ya 2018, umeme unaotoka ni mwingi zaidi, ila tundu ni moja: ukichomeka kadi huwezi kuchaji, ukichaji huwezi kurekodi. Hapo tunashauri kigawanyio cha USB chenye tundu la kupitishia chaja. Kiwe cha kuaminika. Vigawanyio dhaifu hukatika katikati ya kurekodi, na hakuna kinachouma kama kupoteza mkupuo mzuri wa mwimbaji ambaye sauti yake imeshachoka.

Na kebo nazo si zote sawa. Zipo zinazopitisha chaji peke yake, hazina nyaya za data ndani. Kadi inawaka taa lakini kishikwambi hakiioni kabisa. Jaribu kebo nyingine kabla hujalaumu kitu kingine chochote.

Unaponunua kadi, ulizia inayofanya kazi bila draiva (programu ya ziada ya kukiendesha kifaa), yaani inayofuata kanuni ya pamoja ya sauti ya USB. Kwa iPad karibu hakuna njia nyingine, kwa sababu huwezi kuweka draiva kama unavyoweka kwenye kompyuta. Android nayo inazitambua kadi hizo tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, na MIDI tangu 6.0 la 2015, ingawa vishikwambi vya Android vinatofautiana sana kutoka mtengenezaji hadi mtengenezaji. Kama una Android, njoo nacho tukijaribu pamoja na kadi kabla hujailipia. Tunalisisitiza hili kwa sababu tunajua uchungu wa kurudi nyumbani na kitu kisichosomeka.

Wapiga gitaa, neno fupi kwenu. Gitaa la umeme lisilo na betri hutoa mkondo dhaifu sana, na linahitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaomu 1 hivi. Ukilichomeka kwenye tundu la laini, lile la ala zenye sauti kubwa kama kinanda, lenye kiloomu 10, nyuzi nyembamba zinapoteza mng'ao na gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Tafuta kitufe kilichoandikwa INST au Hi-Z karibu na tundu la kadi, ukibonyeze. Hakuna haja ya kubadilisha nyuzi.

Sauti inayokuja nyuma ya kidole

Unabonyeza, unasubiri kidogo, ndipo unasikia. Uchelewaji huu humfanya hata mpigaji mzoefu apoteze mapigo. Chanzo kikubwa ni hedifoni za Bluetooth: zinachelewesha sauti kiasi cha kuvuruga mdundo, hata ziwe nzuri namna gani. Kurekodi nazo tunakataa kabisa. Tumia za waya, uzichomeke kwenye kadi, si kwenye kishikwambi.

Chanzo cha pili ni bafa, yaani kile kifungu cha sauti ambacho programu inakikusanya kabla ya kukituma. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde (sampuli ni kila kipimo kimoja cha sauti), bafa ya 256 inachukua kama milisekunde 5, na ya 1024 kama 21, na kwa kuwa sauti huingia na kutoka, inacheleweshwa hivyo zaidi ya mara moja. Unaporekodi shusha hadi 128 au 256. Unapochanganya nyimbo pandisha, kwa sababu bafa ndogo hukitesa kishikwambi na sauti huanza kukwaruza. Kadi nyingi zina pia kitufe cha kujisikia moja kwa moja, ambacho hukurudishia sauti yako kabla haijafika kwenye kishikwambi. Mwimbaji akikitumia, uchelewaji haumhusu tena.

Nafasi ya kuhifadhia haisumbui sana: wimbo wa njia moja, biti 24 na sampuli 48,000, unakula kama megabaiti 8.6 kwa dakika.

Yule mteja wa ogani aliondoka na kebo mbili za jeki na kadi ndogo ya matundu mawili. Kebo yake ya USB hatukumbadilishia. Anaitumia hadi leo kwa MIDI. Nawe ukiwa na ala usiyojua iunganishwe vipi, tutumie picha tatu: mgongo wa ala, tundu la kishikwambi, na kebo ulizonazo. Ukija mwenyewe, usiiache chaja nyumbani.