Eli, kaniangalizie hiyo pikipiki

Mafinga, Jumapili usiku

Eli ndugu yangu,

Habari za huko, habari za shemeji na watoto? Mama anaendeleaje na mguu? Sisi hatujambo, ila baridi. Juni hii Mafinga imeamua kutumaliza. Asubuhi maji ya bomba yanachoma vidole, na hapa naandika nimevaa koti na soksi mbili mbili. Najua hata hujafika mbali umeshasema, "Huyu leo amenikumbuka, ana shida." Kweli nina shida. Lakini kwanza nitoe lililonikaa kooni. Tangu tumzike mzee wako, au niseme tangu mumzike, maana mimi sikuja, nimeshika simu mara nyingi nikairudisha mfukoni. Nilitoa pole kwa simu, na pole ya simu si pole. Lori lilikwama Makambako na mzigo wa watu, hilo unalijua, lakini bado nilipaswa kuwepo. Nitakuja kuhani. Na chombo nitakachojia ndicho hasa kilichonifanya nikae kuandika, kwa hiyo usione kama nakwepa.

Nataka kununua pikipiki ya pili. Tulia kwanza. Boxer siiuzi, Boxer ndiyo inayonilisha. Inaingia shambani, inabeba msumeno, inabeba mafuta, inabeba na vijana wawili wakati trafiki amelala. Hii nyingine ni ya safari. Shemeji yako nilipomwambia aliniangalia muda mrefu, akauliza, "Kwani una makalio mangapi?" Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Ila wewe barabara hii unaijua. Boxer ina gia nne na nguvu zake ni farasi kama 12. Ukianza kulipita semi la kwenda Tunduma leo, unamaliza keshokutwa. Mwezi wa nne natoka Makambako, semi mbili zinakimbizana zinakuja mbele yangu, la nyuma likatoka kumpita mwenzake kana kwamba mimi ni kuku. Nikaingia majanini. Sikuanguka, lakini nilikaa pale nimezima injini, nasikiliza magoti yanavyogonga tanki. Tangu siku hiyo nikisema nataka pikipiki yenye nguvu ya kutoka mahali kwa haraka, si ujana.

Sasa, Baraka amenitumia picha za Suzuki V-Strom 650 iliyoko huko kwako Arusha, ya 2013, anauza dereva mmoja wa watalii. Namba zake ni MC, za hapa hapa, si zile za kuvuka mpaka halafu unahangaika na makaratasi mwaka mzima. Bei sitaiandika, shemeji yako husoma kila kinacholala mezani. Ni cc 645, silenda mbili za V, farasi karibu 70. Tanki la lita 20, Eli. Nikiwa na mkono mpole ni kama kilomita 400. Najaza Mafinga, nafika Dodoma bila kuuliza sheli iko wapi. Nimeziangalia picha hizo mpaka simu imepata moto.

Tatizo ni urefu wangu. Kiti chake kiko milimita 835 kutoka chini. Namba ukiisoma haikuambii kitu, kwa hiyo Jumanne nikachukua futi kamba nikaenda kwenye uwanja wangu wa mbao, nikapanga mbao za mbili kwa sita moja juu ya nyingine mpaka nikapata inchi 33. Nikatandika gunia. Nikawaambia vijana washike pande zote mbili, nikapanda. Ncha za vidole zinagusa, kisigino kinaning'inia. Hapo nikajiona dume. Nikasema ongezeni inchi moja na nusu, nijaribu Yamaha Ténéré 700, maana ile ni milimita 875. Eli, nilikaa juu pale kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Mguu wa kushoto ukigusa, wa kulia unasalimia mbingu. Wale vijana walicheka mpaka mmoja akaachia upande wake, rundo likayumba, nikashuka kwa kuruka. Siku nzima wananiita Ténéré. Hilo jina limeshafika sokoni.

Kwa hiyo Ténéré imeondoka kwenye orodha, hata kama ni nzuri. Suzuki nayo, najiambia, ukikaa shokapu hushuka kidogo, mbao haishuki. Au najidanganya?

Lakini urefu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni uzito, na hili nalisema kwa sababu nimelionja kwa mgongo wangu. Mwezi wa tatu Kihwele aliniazima Royal Enfield yake, Himalayan ile ya 411, niende Makete kuangalia mti. Juu ya lami ilikuwa raha, haina haraka, inakwenda tu tuk tuk tuk kama trekta lenye adabu. Nikasema nikatizie juu kwa juu, nione Kitulo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ule udongo wa kule ukilowa si tope, ni sabuni. Nilikuwa natembea mwendo wa mtu, gia ya kwanza, miguu nje, na bado gurudumu la mbele likaondoka taratibu kama linaniaga. Ikalala upande wa kulia. Mimi sikuumia hata kidogo. Petroli inadondoka kwenye mfuniko wa tanki, tone, tone, inaingia kwenye maji ya tope na kutengeneza zile rangi za upinde wa mvua, na mimi nimeshika usukani navuta kama navuta ng'ombe. Kilo 199 hazikusogea. Nikavuta tena, buti zikateleza, nikalala kando yake. Tukawa wawili.

Walionitoa ni mama mmoja mwenye kiroba cha viazi na wanawe wawili wa shule. Mama akatua kiroba, akaangalia, akasema kwa upole kabisa, "Baba, hiki si umenunua kikubwa?" Nikaona haya kusema ni cha kuazima.

Kihwele baadaye akanifundisha, na ninakuandikia maana najua nawe hujui: huvuti kwa mikono. Kama imelalia kulia, kwanza unafungua stendi ya pembeni ili ikisimama isianguke upande wa pili, unaitia gia ya kwanza gurudumu lisitembee. Halafu unageuka, unaipa mgongo, unachuchumaa makalio yakiwa kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani uliokunjwa mpaka mwisho, mwingine kwenye chuma cha nyuma, unarudi kinyumenyume kwa miguu kama unasukuma mlango. Nimejaribu uwanjani kwake kwenye sakafu kavu, nikaiinua mara mbili. Kwenye sabuni ya Kitulo sijui.

Na hiyo Suzuki ni kilo 214. Ndiyo, tofauti haifiki hata debe la mahindi, najua utasema hivyo. Lakini ongeza masanduku, ongeza begi la shemeji yako akikubali kupanda, halafu mimi niko peke yangu na hakuna mama wa viazi.

Unaona ninavyozunguka. Asubuhi naitaka Suzuki, jioni nataka kutafuta Himalayan kama ya Kihwele. Himalayan kiti ni milimita 800, nafika chini kama binadamu, na tairi lake la mbele ni inchi 21, kwa hiyo hata tairi la zile Honda XL za watu wa miradi linaweza kukufikisha nyumbani. Lakini farasi ni 24 tu, na tuseme kweli, ukiipandisha mlima wa Kitonga na mzigo, semi zilizokutisha na Boxer zitakutisha tena, ila sasa utakuwa umetumia hela nyingi zaidi kutishwa. Kuna ile mpya ya 450, yenye rejeta, gia sita na farasi 40, ambayo kwangu ndiyo ingemaliza ugomvi. Ila nikipiga hesabu za kuifikisha hapa ikiwa mpya, ubao wa mbili kwa sita nilionao hautoshi, hata nikiuza na ofisi. Honda CB500X pia nimeiangalia, ni ya kati kwa kati kwa kila kitu, na pengine ndiyo yenye akili. Haijauzwa hata moja karibu yangu.

Fundi Sanga yeye ana hoja moja tu na anairudia kama kasuku: spea. Za Boxer unanunua hata dukani kwa anayeuza sukari. Za hiyo, anasema, utakuwa unaziombea. Nikamwambia pikipiki hizi zimekuwepo tangu 2004, zimezoeleka dunia nzima, na vali hukaguliwa kila kilomita 24,000. Akanijibu kwamba yeye hana shida na vali, ana shida na lile bomba la moshi na chujio la oili vilivyokaa mbele chini, wazi, vinasubiri jiwe. Hapo ana haki. Bila chuma cha kukinga tumbo, pikipiki hiyo haiingii barabara ya Ludewa. Nimesoma pia kwamba plagi ya silenda ya mbele hupata maji yanayorushwa na gurudumu, tundu la kutolea maji likiziba injini inakohoa kwenye mvua. Muulize jamaa kama imewahi kukohoa. Akijibu upesi mno "haijawahi", usimwamini.

Halafu kuna mzee wako. Unakumbuka alivyokuwa akitusimulia Mbinga hadi Mbamba Bay? Basi limekwama siku tatu, abiria wanapika ugali kwenye mvua, konda amekimbia kwa aibu. Na sisi na ukubwa wetu wote wa kidato cha pili tukaapa tutaipita kwa pikipiki. Eli, barabara ile sasa ni lami. Songea, Mbinga, mpaka ziwani, lami tupu. Tunduru hadi Masasi lami. Iringa hadi Dodoma lami. Juzi nilifungua daftari la safari zangu za mwaka jana nikahesabu, na safari 8 katika 10 gurudumu halikugusa vumbi ila mita za mwisho za kuingia uwanjani. Sasa ninabeba gurudumu la porini la nini? Hiyo ndiyo inayonirudisha kwenye Suzuki kila nikishaamua kuiacha. Mzee angetucheka sana, tumesubiri miaka yote hiyo mpaka tope likaisha. Nilitaka kumwambia hilo mwenyewe. Nilikuwa nimelitunza.

Basi. Naomba unisaidie jambo moja, ukaione. Usiende na Baraka, Baraka anapenda kila kitu chenye magurudumu. Nenda Jumamosi asubuhi mapema, na usimpigie simu ukiwa mbali, mpigie ukiwa getini kwake. Akuwashie ikiwa baridi. Inashika kwa selfu moja au inalalamika? Moshi ni wa rangi gani? Meno ya sproketi bado yamesimama au yamelala kama kucha za paka? Mwambie aweke stendi ya kati kama ipo, inua mbele, zungusha usukani polepole kushoto na kulia: unapita laini au kuna mahali unakwama katikati? Shokapu za mbele zina oili pale juu ya mpira? Namba ya chesisi inafanana na ya kwenye kadi, na jina la kwenye kadi ni lake? Rimu za mbele zina mkunjo? Kilomita kwenye saa zinaendana na ulivyolika mpira wa kukanyagia?

Halafu panda wewe. Wewe ni mrefu kuliko mimi kwa kiganja, kunja magoti, jifanye mimi. Unaweza kuisukuma kurudi nyuma ukiwa umekaa? Na kama jamaa ni mstaarabu, muombe muilaze taratibu kwenye majani, uiinue peke yako kwa ile njia ya mgongo. Najua ni ombi la ajabu. Lipe tu jina langu, sema rafiki yangu wa Mafinga ni mgonjwa.

Na wewe je? Ile XL yako bado iko chini ya turubai? Shemeji alikukataza kabisa au alisema "kwa sasa"? Ukiinua kichwa mwezi wa tisa, mvua haijaanza, unaweza kupata siku kumi? Mama atabaki na nani? Nikija na hiyo Suzuki Arusha, kaburi nitaonyeshwa na wewe au nimtafute Neema? Nijibu hata kwa mistari miwili, ila usinipigie, kwa simu utaanza kucheka kuhusu mbao na sitapata jibu.

Wasalimie wote. Shemeji yako anakusalimia, na anasema kama pikipiki ni mbovu usisite kusema.

Wako,
Mose (Ténéré)

N.B. Ukimkuta ameshaiwasha, usimuulize chochote. Weka kiganja pembeni ya injini. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho yake.