Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Swali Moja Kabla ya Sindano

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mama wa binti mwenye ugonjwa wa mitokondria. Sikuombi dawa ya kuuponya, maana haijapatikana popote duniani. Naomba watoto hawa wasidhuriwe na dawa tunazowapa tukitaka wapone.

Mitokondria ndizo zinazogeuza chakula kuwa nguvu ndani ya seli. Zikishindwa kazi, huumia zaidi viungo vinavyohitaji nguvu nyingi: ubongo, moyo, misuli, macho, masikio, ini. Ndiyo maana mtoto mmoja huzungushwa kwa daktari wa macho, wa kifafa, wa moyo, kila mmoja akitibu kipande chake. Hukadiriwa kwamba mtu 1 kati ya 5,000 anao. Kwa hesabu hiyo, Watanzania zaidi ya 12,000. Naamini wengi wao leo wanaambiwa wana utindio wa ubongo, au wamerogwa.

Valproeti ni dawa ya kifafa. Kwa mtu mwenye hitilafu katika kinasaba kiitwacho POLG, ambacho mitokondria hukitegemea, inaweza kuharibu ini hadi kuua, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hilo mwaka 2013. Mtoto aliyekuwa akikaa na kutamka maneno, kisha akaanza kupoteza aliyoyajua huku degedege halitulii, asianzishiwe valproeti kabla daktari hajaufikiria ugonjwa huu. (Mzazi unayesoma hapa, usimwachishe mtoto dawa kwa uamuzi wako, muulize daktari wake.)

Jentamaisini huchomwa watoto wachanga wenye maambukizi. Inaokoa maisha, wala siombi iondolewe. Lakini tangu 1993 inajulikana kuwa wapo watu wenye badiliko dogo katika vinasaba vya mitokondria, ambao dozi ya kawaida ya dawa za jamii hiyo, streptomaisini ikiwemo, inaweza kuwapotezea usikivu maisha yao yote. Vinasaba hivyo mtoto huvirithi kwa mama. Basi hata muuguzi wa zahanati anaweza kuuliza: "Mama, kwako wewe, ndugu zako wa tumbo moja au upande wa mama yako, kuna aliyekuwa kiziwi baada ya kuchomwa sindano?" Swali hilo liandikwe kwenye kadi ya kliniki, ili jibu liwepo kabla mtoto hajaugua.

Najua ukweni watakavyolipokea neno "kwa mama". Kurithisha si kosa la mtu. Tena kwa watoto, mara nyingi hitilafu hutoka kwa wazazi wote wawili, wao wenyewe wakiwa wazima kabisa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kulisema hili mbele ya familia nzima, baba akiwepo. Nimewaona wanawake wakirudishwa kwao na mtoto mgonjwa mgongoni.

Selimundu nayo ilikuwa ya kunong'onwa. Leo Muhimbili ina kliniki yake na watu huitaja kwa jina.

Mei 2025 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio kuhusu magonjwa adimu. Kila Septemba kuna wiki ya kimataifa ya ugonjwa wa mitokondria. Naomba ijayo ikifika, waganga wakuu wa mikoa wawe na waraka wako mkononi: onyo la valproeti, na swali la sindano.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa mgonjwa, Tanga.