Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wa mambo ya kale: njooni mfukie shimo lenu Kilwa Kisiwani

Mheshimiwa,

Kwa umri nadhani wewe ndiye ungeniamkia, lakini cheo kina heshima zake, basi naanza mimi. Habari za kazi?

Sisi huku tunajikongoja. Alhamisi usiku mvua ilikolea, ubavu wa shimo lenu ukaporomoka. Asubuhi mjukuu wangu akaenda kuchungulia, akateleza, akatumbukia. Tumemvusha kwa mashua hadi Kilwa Masoko, ng'ambo ya bara, ameshonwa nyuzi sita mguuni. Nauli nimekopa kwa jirani anayeuza pweza.

Nasema shimo lenu kwa sababu mimi nilichimba msingi tu. Fundi alikuwa amefika kina cha goti, sururu ikagonga jiwe likalia tofauti. Tulipofagia mchanga ukatokea ukuta wa matumbawe, umepigwa lipu ya chokaa laini kama ganda la yai, na kando yake vigae vya kijani vinavyong'aa. Fundi akanishauri nifukie, nisogeze nyumba hatua mbili, ninyamaze. Wapo waliofanya hivyo na leo wanalala ndani ya nyumba zao. Mimi nikajifanya raia mwema, nikaripoti.

Watu wako walikuja wanne. Shimo wakalipanua mpaka likanipita kimo. Wakapima, wakapiga picha, wakaondoka na vigae ndani ya mifuko yenye namba. Wakanisomea Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964: jengo la kabla ya 1863 linalindwa, kwa hiyo nisiweke hata tofali moja. Sikubisha. Wakafunika kwa turubai, wakaahidi kurudi baada ya wiki mbili. Turubai lilichukuliwa na kusi mwaka uleule. Hii ni masika ya tatu.

Kwa kuwa mnapenda historia, nikukumbushe kidogo. Msafiri Ibn Battuta alitoka Tangier, huko Moroko, akafika hapa Kilwa mwaka 1331, bila gari la ofisi wala posho ya safari. Wewe ukishafika Masoko umebakiza kuvuka mkondo tu. Ndiye aliyetuandikia habari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa ukarimu wake. Fakiri wa Kiyemeni alimkuta akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaenda kubadili, akampa. Mimi suti yako siitaki, Mheshimiwa. Nataka saini.

Wageni mkiwaleta mnawapeleka Husuni Kubwa, kasri la sultani huyohuyo, juu ya jabali linalotazama bahari. Vyumba zaidi ya 100, birika la pembe nane, pazuri kwa picha, sikatai. Lakini mji haukuishia kule. Huku kijijini tukichimba choo tunakutana nao, tukipanda mnazi tunakutana nao. Sisi hatukai jirani na magofu, tunakaa juu yake. Mwaka 2004 Kilwa Kisiwani na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara ziliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, mwaka 2014 zikatolewa. Hongereni sana. Shimo langu halimo kwenye orodha yoyote.

Kwa nini hamji? Mmoja aliniambia bajeti, mwingine akasema mnangoja mfadhili. Mimi nadhani faili langu limelaliwa na mafaili mengine, na kulifukua huko nako kunataka kibali.

Wakati huo nalala na wajukuu watatu kwenye banda la makuti la chumba kimoja. Mifuko 18 ya saruji niliyonunua kwa pesa za ufuta wa shamba langu la bara imeganda yote. Tunaikalia kama viti. Karibuni, mna pa kukaa.

Mwanzoni niliomba fidia. Nikashuka, nikaomba kiwanja kingine. Nikashuka tena, nikaomba turubai jipya. Sasa hayo yote nimeyaacha. Kijana wenu mmoja, aliyekuwa na adabu, alinieleza kwamba ukuta ukiwa ardhini hauna neno. Ukiachwa wazi mvua inakula chokaa na mizizi inaingia. Nimeyaona. Mwaka wa kwanza lipu ilikuwa nzima, leo nikipitisha kidole unatoka unga. Alhamisi kimeanguka kipande cha urefu wa mkono, mawe saba. Nimeyapanga kibarazani vilevile yalivyoanguka, maana sijui mtataka kujua lipi lilikuwa juu.

Basi njooni mfukie. Hamwezi kuja? Nipeni barua nifukie mwenyewe. Udongo wenu bado upo, ndilo lile tuta wanalolalia mbuzi. Koleo ninalo. Mstari mmoja tu unatosha: "Fukia." Chini yake saini yako, na mhuri kama upo karibu. Mkishafukia, habari ya nyumba yangu tutaizungumza siku nyingine, au tusiizungumze. Lakini fukieni.

Wako mtiifu, mpaka sasa,
Mwenye kiwanja, Kilwa Kisiwani

Tena: mkiamua kuja, pigeni hesabu mfike maji yakiwa yamejaa. Yakitoka mtakanyaga matope, na viatu mlivyokuja navyo mara ile vilikuwa vizuri mno.