Kukompaili picom kwenye Debian yako

Tabora

Kaka Juma,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Ujiji. Mama aliniambia umepona malaria, nikafurahi sana.

Sasa hiyo laptopu. Ukishusha ukurasa picha inakatika kwa mstari wa mlalo, na kwenye video ndiyo inazidi. Haijaharibika. Picha mpya inaingia wakati skrini haijamaliza kuchora ile ya zamani, na Openbox, inayosimamia madirisha yako, haina kompozita, yaani programu ya kuunganisha picha na kuzisubirisha. Picom ni kompozita ndogo, itakutosha, na kwa kuwa unataka pia madirisha yafunguke kwa mwendo laini, hilo liliingia toleo la 12, ndiyo maana nakushauri uikompaili mwenyewe, yaani uijenge kutoka msimbo wake.

Kwa kuokoa bando usivute historia yote ya mradi:

git clone --depth 1 -b v12 https://github.com/yshui/picom

Ingia kwa cd picom. Ndani kuna faili la README lenye orodha ya vifurushi vya Debian. Nakili mstari wote, usichague. Wengi wanakwama hapa: meson, inayoandaa ujenzi, inasema libconfig haipo, wao wanaangalia wanaiona ipo. Iliyopo ni ya kuendeshea programu tu. Ya kukompailia ni libconfig-dev, yenye faili za vichwa na ile ya .pc ambayo meson inaitafuta. Ndivyo ilivyo kwa libev-dev, libepoxy-dev na zile zote za libxcb. Uthash-dev nayo husahaulika sana. Kisha andika amri hizi, ninja ndiyo inayokompaili; meson ikilalamika, ongeza kilichokosekana urudie:

meson setup --buildtype=release build
ninja -C build
sudo ninja -C build install

Umeme ukikatika katikati usiogope: washa tena, ninja itaendelea pale ilipoishia. Ila ikianza kulalamikia faili la .o (kipande kilichokwisha kompailiwa) lililo tupu, futa folda ya build yote uanze upya. Programu ni ndogo, haitakuchosha.

Inakaa /usr/local/bin. Kama uliwahi kuweka picom kwa apt, iondoe kwanza, halafu hakikisha kwa picom --version, la sivyo utahangaika na toleo la zamani ukidhani ni jipya.

Kabla ya mipangilio, weka mesa-utils kisha andika glxinfo -B, uone ni nini kinachochora picha zako. Hili ndilo naomba usiliruke. Ukiona neno llvmpipe, maana yake kadi ya picha haifanyi kazi, prosesa ndiyo inachora kila kitu. Ukiweka glx (njia ya kuchora inayotegemea kadi ya picha) hapo feni italia kutwa na betri itaisha upesi. Kwenye mstari wa backend hapo chini tumia xrender, njia nyepesi zaidi, mpaka utakapopata draiva. Ukiona jina la kadi yako, Intel au AMD, weka glx bila wasiwasi.

Kwenye ~/.config/picom.conf anza na mistari hii tu:

backend = "glx";
vsync = true;
shadow = false;
fading = false;

Alama za nukuu ziwe zilizonyooka. Ukinakili kutoka Word zinakuja zimepinda na picom inalikataa faili. Ukungu nyuma ya madirisha unapendeza, lakini kwa mashine ya RAM ya GB 4 yenye kadi ya ndani mimi singeuweka kabisa. Uhuishaji, yaani ule mwendo laini wa madirisha, ongeza mwishoni, mmoja mmoja, ukitazama mfano ulio kwenye picom.sample.conf.

Iendeshe kwanza kwenye terminali ili uone makosa. Ikikuambia kuna kompozita nyingine inafanya kazi, izime hiyo kwanza, mbili hazikai pamoja. Ikitulia, ndipo uandike picom & kwenye ~/.config/openbox/autostart.

Ukikwama nitumie majibu ya picom --diagnostics pamoja na yale ya glxinfo, yote mawili, si picha ya skrini. Vifurushi vya .deb nimekuwekea kwenye flashi, naitafutia abiria wa treni wiki hii.

Nduguyo,
Rehema